Chai Yako Imepoa

Masharti ya utenzi ni machache. Ubeti una mishororo minne, kila mmoja wenye mizani 8. Vina vitatu vya kwanza hufanana, na kina cha mwisho hurudi kilekile hadi utenzi umalizike. Wapo wanaoyaona masharti haya kuwa kamba ya kumfunga mtunzi. Mimi nayaona kuwa chuo bora cha kusema la moyoni ambacho Waswahili tumejijengea.

Hebu tujaribu. Umefiwa, na unataka kusema. La kwanza kukujia mdomoni ni "Nina huzuni moyoni". Hesabu kwa vidole: ni-na-hu-zu-ni-mo-yo-ni. Mizani zimetimia. Lakini kauli hiyo inamfaa kila mfiwa tangu dunia iumbwe, kwa hiyo wewe bado hujasema kitu. Futa. Jaribu "Chai yako imepoa". Ni 8 vilevile, na huzuni haikutajwa. Ila sasa tunajua kuna mtu aliyekuwa akimiminiwa chai kila asubuhi, na leo mkono umemimina kwa mazoea. Hata mtunzi mwenyewe, nadhani, hapo ndipo anapotambua hasa anachokililia.

Ustadi huo ndio unaonirudisha kila mara kwa Mwana Kupona binti Mshamu. Alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, na mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa wasia. Mengi aliyomuusia kuhusu utii wa mke tunayabishania leo, na ni haki yetu kuyabishania. Lakini tazama anavyoanza: anamwita mwanawe asogee, achukue wino na karatasi. Hatuambii kwamba anaogopa kufa. Hofu yote ya mama imo katika kule kumhimiza mtoto aketi aandike.

Shuleni tunaanzia upande wa pili. Mwanafunzi hujua kutofautisha tathlitha na tarbia kabla hajaulizwa ana nini cha kumwambia nani. Ningepewa darasa, ningemtaka kila mmoja atunge ubeti mmoja tu, kwa mtu mmoja anayemfahamu, na maneno "huzuni", "furaha" na "upendo" yasionekane humo. Akishapata la kusema, mizani tutazihesabu pamoja.