Mario Wangu Alikuwa wa Kijivu

Ndugu yangu mkubwa alicheza dakika tano hivi, kisha akaiweka padi mezani. "Hii si ile," akasema.

Gemu ilikuwa ile ile, Super Mario Bros. ya 1985, haijaongezwa kitu wala kupunguzwa. Nilikuwa nimeiweka kwenye TV bapa ya inchi 43, kubwa kuliko dirisha la chumba tulicholelewa. Kila pikseli ilionekana kama kigae cha bafu. Nilidhani nimempa zawadi. Yeye alimwona Mario aliyevutwa kando akawa mnene, tena mwenye kuchelewa: unabonyeza, unangoja kidogo, ndipo anaruka. Halafu akatoa neno alilolibeba kwa miaka. "Na ile TV yangu uliiuza."

Ni kweli. Mwaka 2015, Kenya ilipozima matangazo ya analojia, mtaani kwetu kila mtu alitaka kuondoa zile TV za zamani zenye mgongo. Yetu ilikuwa Great Wall ya inchi 14, nyeusi na nyeupe. Bro aliinunua kwa pesa za kibarua chake cha kwanza. Mimi nilimpa mtu wa skrapu kwa bob mia mbili, bila kumuuliza mwenyewe. Kwangu ilikuwa takataka. Kwa hivyo makala hii ilianza kama ushauri wa kuchagua skrini ya kuchezea gemu za zamani, lakini ukweli ni kwamba nalipa deni.

Hoja yangu ni moja. Skrini ni sehemu ya gemu, kama sauti ya msimulizi ilivyo sehemu ya hadithi. Ukiibadilisha, unasimulia upya, na ni vizuri ujue umebadilisha nini.

Hebu tuanze na Sonic the Hedgehog ya 1991. Katika eneo lake la kwanza kuna maporomoko ya maji. Mega Drive haikuwa na njia rahisi ya kuchora maji unayoweza kuona kilicho nyuma yake. Basi wachoraji wakachora mistari ya wima, mmoja upo, mwingine haupo. Waya wa kawaida wa wakati ule, ule wenye kichwa cha njano, ulikuwa hautenganishi rangi vizuri. Mistari ikayeyuka pamoja, na kwenye TV ya sebuleni ukaona maji. Leo ukiicheza hiyo gemu kwenye skrini bapa isiyo na kichujio chochote, unaona ua wa fito. Wapo wanaosema hiyo ndiyo picha halisi, kwa sababu ndiyo iliyomo ndani ya kaseti. Mimi nasema kilichomo ndani ya kaseti ni nusu ya picha. Nusu nyingine waliiachia TV, kwa makusudi.

Mfano mwingine ni picha ya Dracula katika Castlevania: Symphony of the Night ya 1997. Jicho lake ni doa dogo la wekundu. Kwenye skrini kali ya leo unaona doa tu. Kwenye TV ya mgongo wekundu ule husambaa, na jicho likakutazama.

Ukiwaambia hivi wasee wanaokusanya vitu vya zamani, watakujibu haraka: basi nunua Sony PVM, zile skrini zilizotengenezewa studio za televisheni. Picha yake ni safi ajabu, sibishi. Lakini shida ni usafi wenyewe. Ukiiunganisha kwa waya bora unaobeba kila rangi kivyake, maporomoko ya Sonic yanarudi kuwa fito. Kumbe ile skrini ya bei kubwa inaweza kukosea pale pale inapokosea TV bapa. Waya wa njano wa bei ya chai na mandazi unaipatia. Anayechagua skrini kwa kutazama bei anasoma jalada na kuacha kitabu.

Na sisi tulicheza nini hasa? Hapo ndipo neno "halisi" linanishinda. TV zetu zilifuata mfumo wa PAL, picha 50 kwa sekunde. Japani na Marekani zilitumia NTSC, karibu picha 60. Sonic aliyeuzwa Ulaya kwa mfumo wa PAL alikimbia polepole kuliko wa Japani, karibu kwa moja ya sita, na muziki wake ukaburutika naye. Sisi hata mashine yenyewe ilikuwa ya kuiga, na kaseti yetu ilijigamba kuwa na gemu 9999. Ukizihesabu, zilikuwa chache zilizorudiwa kwa majina mapya. Picha ilipitia waya wa antena, ikafika na chenga. Tena ilifika bila rangi. Bro alikuwa ameiona gemu kwenye TV ya rangi kwa binamu yetu, kwa hivyo yeye ndiye aliyekuwa rangi yangu. Alikuwa akinitajia kwa kidole: hapa samawati, hapa kijani. Aliniambia kofia ya Mario ni ya njano, nami nikaamini kwa miaka mingi.

Jirani yetu alikuwa na dawa yake. Alining'iniza mbele ya TV karatasi ya plastiki yenye rangi tatu, samawati juu, kahawia katikati, kijani chini. Mtangazaji wa habari akawa na nywele za samawati. Lakini Mario, wacha! Mbingu ilikaa juu ya mbingu, na chini kukawa kijani. Tulicheka plastiki ile tulipokua, tukaiona ni aibu ya umaskini. Baadaye nikajua kwamba Space Invaders ya 1978, gemu iliyojaza kumbi za Japani, ilitumia skrini isiyo na rangi, na kwenye mashine nyingi rangi zilitoka kwa vipande vya plastiki angavu vilivyobandikwa juu ya kioo. Jirani yetu hakuwa anaharibu kitu. Alikuwa anafanya kazi ile ile waliyoifanya watengenezaji wenyewe.

Sasa ushauri, maana niliuahidi.

Kama gemu unayoipenda ni Duck Hunt ya 1984, na unataka kutumia bunduki yake ya asili, hakuna mjadala, tafuta TV ya mgongo. Bunduki ile husoma mwanga wa skrini kwa wakati kamili, na skrini bapa haiwezi kuijibu. TV za mgongo bado ziko kwa mafundi na kwenye stoo za watu. Ni nzito, na mgongo wake usiufungue mwenyewe. Ndani kuna umeme wa maelfu ya volti unaoweza kubaki hata baada ya kuchomoa plagi. TV hizo zina uzuri mwingine pia. Kila mstari wa picha humweka kisha hufifia, kwa hivyo kinachokimbia hakiachi ukungu nyuma yake.

Kama ni TV bapa uliyonayo tayari, ingia kwenye menyu uwashe mpangilio wa gemu. TV nyingi huipamba picha kabla ya kuionyesha, na upambaji huo ndio unaomchelewesha Mario. Kisha rudisha umbo la picha liwe nne kwa tatu. Pembeni kutabaki weusi, na hiyo ni sawa. Halafu fanya hesabu. Gemu nyingi za enzi hizo zina mistari karibu 240. Skrini ya mistari 1080 inagawanyika mara nne na nusu, na hiyo nusu ndiyo inayofanya pikseli moja iwe nene na jirani yake nyembamba. Ya mistari 2160 inagawanyika mara tisa kamili.

Mimi nilichagua kitu ambacho hakuna anayekisifu: monita ya ofisini, ya mitumba, ile ya inchi 17 iliyo karibu mraba. Ina pikseli 1280 kwa 1024. Picha ya Mario ina 256 kwa 240. Zidisha upana mara tano, unapata 1280. Zidisha urefu mara nne, unapata 960. Umbo linakuwa nne kwa tatu kamili, hakuna nusu ya pikseli popote. Ukiisimamisha kwa ubavu, unapata nafasi ya Pac-Man ya 1980, ambayo kwenye mashine yake ya kumbini ilikaa kwenye skrini ya wima, 224 kwa 288. Monita kama hizi kwa kawaida hazina mapambo mengi ya picha, kwa hivyo kidole na Mario vinakutana karibu papo hapo. Kwenye emuleta niliwasha kichujio kinachotia mistari myeusi na kuchanganya rangi kama waya wa njano. Maji ya Sonic yakarudi kuwa maji.

Haina kila kitu. Weusi wake ni kijivujivu, na kinachokimbia huacha ukungu kidogo. Nimekubali, kwa sababu najua ninachokosa na ninachopata.

Bro alikuja Jumapili. Alikaa kwenye stuli, magoti karibu yaguse meza, kama zamani. Akamaliza hatua ya kwanza bila kusema neno. "Hapa umejaribu," akasema. Halafu: "Toa rangi."

Nilidhani anatania. Nikaingia kwenye emuleta, nikashusha rangi hadi sifuri. Mario akawa wa kijivu, mbingu ikawa ya kijivu. Hata sikuiona kasoro. Nilijua kila kitu ni rangi gani, pamoja na zile alizokosea. Nilipomwambia kuhusu kofia ya njano, alikana kabisa. Ati hajawahi kusema hivyo.

Tulicheza hadi saa nne usiku, tukipokezana kila mtu akifa. Alipoondoka alisimama mlangoni, akaiangalia monita, akaniangalia mimi.

"Bado unanidai TV?" nikamuuliza.

"Nakudai," akasema. "Lakini hii niachie hapa hapa. Usiiuze."