Kula Nje Katika Dagoretti

Hakuna sifa isemwayo mara nyingi juu ya upande wa magharibi wa Nairobi kama hii, kwamba mtu aweza kula dunia nzima pasipo kuvuka mpaka. Wenyeji huisema kwa fahari, wageni huiandika kwa mshangao, na wanafunzi huitia katika insha zao kama jambo lisilohitaji ushahidi. Mtu akishuka Hurlingham akafuata Barabara ya Argwings Kodhek, akakata kwenda Kilimani, kisha akapanda kuelekea Lavington, atapita chakula cha Mhabeshi, cha Mchina, cha Mhindi, cha Mwitaliano na cha Msomali kabla miguu yake haijachoka. Sifa hiyo ni ya kweli kuhusu vyungu. Kuhusu meza, bado haijathibitishwa. Chungu hutuambia kimepikwa nini. Meza hutuambia nani ameketi na nani, nani amesimama, na nani hakufika mlangoni. Katika kurasa hizi nakusudia kuhakiki meza.

Kwa jina la Dagoretti nakusudia eneo lote la zamani, tangu Kilimani na Kileleshwa upande wa mjini hadi Kawangware, Riruta, Waithaka na Mutuini upande ulikokuwa mashamba. Leo eneo hilo limegawanywa katika majimbo mawili ya uchaguzi, Kaskazini na Kusini, lakini jina ni moja, na jina hilo liliingia katika vitabu vya historia kwa sababu ya chakula. Mwezi wa Oktoba 1890 Kapteni Frederick Lugard, mtumishi wa Kampuni ya Imperial British East Africa, alijenga ngome Dagoretti. Misafara iliyotoka Mombasa kwenda Uganda ilikuwa na mamia ya wapagazi, na mbele yao palikuwa na safari ndefu ambayo nafaka ilikuwa adimu kupatikana. Wakikuyu walikuwa na mahindi, maharagwe, viazi vitamu na ndizi. Lugard akala kiapo cha undugu na Waiyaki wa Hinga, mkubwa wa sehemu zile, na biashara ya chakula ikaanza. Undugu huo haukudumu. Lugard alipokwisha kwenda zake, watu wa misafara na wa ngome walianza kutwaa mashambani walichotakiwa kununua, wenyeji wakaishambulia ngome, na mwaka 1891 ikaachwa. Mwaka 1892 Waiyaki alikamatwa, akafa Kibwezi akiwa njiani kupelekwa pwani. Basi Dagoretti ilikuwa mahali pa kulisha wageni zamani kabla mji wa Nairobi haujazaliwa, na tangu siku zile swali lake limekuwa lile lile: mgeni na mwenyeji wanapokutana kwa ajili ya chakula, ni kwa masharti ya nani?

Wakati wa ukoloni jibu lilikuwa wazi na baya. Kilimani, Kileleshwa na Lavington zilikuwa makao ya Wazungu. Mwafrika aliingia huko kwa mlango wa jikoni, akapika asichokila na kuandaa meza asiyoiketia. Hoteli kubwa za mjini zilifuata desturi hiyo mpaka miaka ya mwisho kabla ya uhuru wa 1963. Wapishi wengi waliojua kuoka nyama na kukoroga mchuzi mweupe wa Kiingereza walikuwa Waafrika, na hakuna aliyewauliza kama mchuzi huo una ladha. (Mimi nimeuonja, na naona kutoulizwa kwao kuliwaepusha na kusema uongo.)

Siku hizi kila mwenye simu ni mhakiki. Huipiga picha sahani, huipa nyota nne au tano, husifu taa na viti, kisha huondoka. Sina ugomvi na picha, lakini uhakiki wa namna hiyo haumsaidii msomaji kitu. Hausemi chakula kilitoka wapi, kwa nini huliwa hivyo kilivyoliwa, wala kama aliyekipika angekitambua kuwa ni cha kwao. Zaidi ya yote hausemi kama mtu asiyekijua chakula hicho alifundishwa kukila au aliachwa ahangaike. Kwangu hiki ndicho kipimo cha kwanza cha mkahawa wa kigeni.

Kwa kipimo hicho, mikahawa ya Wahabeshi ya Hurlingham na Kilimani imeitangulia mingine kwa mbali. Waethiopia waliongezeka Nairobi baada ya Mfalme Haile Selassie kupinduliwa mwaka 1974 na utawala wa kijeshi kushika nchi; wengi walikuja kama wakimbizi, na upishi ulikuwa mali waliyoweza kuvuka nayo mpaka bila kupekuliwa. Chakula chao kikuu ni injera, mkate mpana, laini, wenye vitundu vingi juu yake, utengenezwao kwa unga wa tefu uliokorogwa na kuachwa siku kadhaa uchachuke. Injera hutandazwa juu ya sinia, na michuzi humiminwa juu yake mafungu mafungu: nyama, kuku na yai, dengu, shiro ya unga wa kunde. Sinia huwekwa juu ya meza ya mviringo iliyosukwa kama kikapu. Hakuna uma wala kisu, na kila mtu halipewi sahani yake. Wote humega kwa mkono wa kulia kutoka sinia moja, na mkate ulio chini, ulionywa michuzi yote, ndio huliwa mwisho; nao ndio mtamu kuliko yote.

Tazama jinsi meza hiyo inavyofanya kazi. Watu wawili waliokuja wamenuniana hawawezi kula hapo mpaka mikono yao ikutane. Tena kuna desturi iitwayo gursha: mtu humega tonge, huichovya katika mchuzi, kisha humtia mwenzake kinywani kwa mkono wake. Kijana wa Kenya akilishwa hivyo kwa mara ya kwanza hucheka kwa haya, kisha husahau haya yake, kwa sababu hata kwao, kabla ya sahani za udongo mweupe, watu walikula sinia moja. Na mwenye kuchungulia vizuri mafungu yale ataona jambo jingine la kuchekesha. Siku za Jumatano na Ijumaa Wakristo wa Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia hufunga nyama, maziwa na mayai, kwa hiyo sinia ya mfungo hujaa mboga na kunde tupu. Mojawapo ya mboga hizo, iitwayo gomen, ni ndugu wa damu wa sukumawiki. Mtoto wa Kawangware aliyeichoka sukumawiki nyumbani huikuta hapa imekaangwa kwa vitunguu na tangawizi, ina jina jingine, na bei yake imepanda mara kadhaa.

Lawama ninayo pia. Wako wapishi wanaopunguza berbere, yaani ule mchanganyiko wa pilipili na viungo ulio roho ya michuzi yao, kwa kuhofia ndimi za wateja wa Nairobi. Huku si kumkaribisha mgeni, ni kumdharau. Mtu aliyefunga safari kuja kuonja chakula cha watu wengine ana haki ya kutokwa na jasho.

Baada ya kula huja kahawa, nayo yataka tutulie kidogo. Buni huoshwa, hukaangwa mbele ya wageni, na kikaango huzungushwa ili kila mtu avute moshi wake. Kisha hutwangwa, ikachemshwa katika chungu chembamba cha shingo ndefu kiitwacho jebena, na kumiminwa katika vikombe vidogo visivyo na mkono, vinavyofanana na vile vya wauza kahawa wa Mombasa na Lamu. Hunywewa mara tatu, na mzunguko wa tatu huitwa baraka, neno ambalo msomaji wa Kiswahili halihitaji tafsiri. Jambo lote hili laweza kuchukua saa nzima.

Sasa linganisha na kahawa yetu wenyewe. Buni ya Kenya hustawi katika milima iliyo jirani kabisa na Dagoretti, lakini chini ya serikali ya kikoloni Waafrika wa huku walikatazwa kuipanda. Katazo lilianza kulegezwa Meru na Kisii katika miaka ya 1930, na katika nchi ya Wakikuyu kilimo chake hakikuenea mpaka baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954. Hata baada ya hapo, wakulima waliipanda, wakaichuma, wakaipeleka kiwandani, kisha wakarudi nyumbani kunywa chai ya maziwa. Mwaka 1999 ndipo Java House ya kwanza ilipofunguliwa Adams Arcade, kando ya Barabara ya Ngong, na watu wa Nairobi wakaanza kuzoea kuinywa buni yao kwa namna ya Kimarekani na ya Kiitaliano. Sibezi nyumba hizo. Kahawa yao ni safi, na vijana wengi wamepata kazi humo. Naona ajabu tu kwamba mjukuu wa mchuma buni alilazimika kuletewa kahawa kama kitu kigeni, ilhali Mhabeshi mkimbizi alifika na jebena yake mkononi.

Mikahawa ya Wachina nayo imekuwa mingi katika Kilimani tangu makampuni ya kwao yalipoanza kujenga barabara zetu kuu na reli ya Mombasa iliyofunguliwa mwaka 2017. Meza ya Kichina, kwa asili yake, si meza ya uchoyo. Ni ya mviringo. Katikati kuna kibao kizungukacho, na kila chakula hupita mbele ya kila mlaji. Kwa hiyo lile lililotukia mwezi wa Machi 2015 liliumiza zaidi. Magazeti yalieleza kwamba mkahawa mmoja wa Kichina katika Kilimani haukuwaruhusu Waafrika kuingia baada ya saa kumi na moja jioni, isipokuwa wachache, kama vile madereva wa teksi na wale walioandamana na wateja wa rangi nyingine. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama. Wananchi walighadhibika, na serikali ya kaunti ikaufunga mkahawa huo. Lakini yafaa kusoma habari hiyo mpaka mwisho. Uliofungwa ulifungwa kwa kukosa vibali vilivyotakiwa. Katiba ya 2010, katika ibara yake ya 27, yakataza mtu yeyote kumbagua mwenzake kwa rangi au asili, lakini siku ile karatasi za leseni ndizo zilizomtetea Mwafrika, si ibara hiyo. Mimi ningependa kuiona ibara ikisimama yenyewe.

Aidha, hasira ile ilisahau mlango mwingine usio na bawabu. Sahani moja katika mikahawa mingi ya Kilimani yaweza kumeza ujira wote wa siku wa kibarua anayejenga ghorofa lililo mkabala nayo. Hakuna anayemzuia kuingia. Bei humsomea hukumu akiwa barabarani. Yeye hula kwenye kibanda cha mabati nje ya uzio wa ujenzi: chapati na maharagwe, au githeri, au ugali na sukumawiki. Na chapati hiyo, tusisahau, ilikuja na Wahindi, kama sambusa na kachumbari. Wahindi wa Kenya walitangazwa rasmi kuwa kabila la 44 mwaka 2017. Chapati yao ilikuwa imekwisha kupata uraia zamani, bila tangazo, kwa sababu ilishuka bei mpaka ikamfikia kila mtu.

Vuka Barabara ya Gitanga kutoka Lavington uingie Kawangware, na jambo hilo litaonekana zaidi. Jioni, kando ya njia, wauzaji hukaanga miguu na vichwa vya kuku, vyakula ambavyo wenye majumba upande wa pili huviona vya kimaskini. Miguu hiyo hiyo, ikipikwa kwa mvuke na mchuzi mweusi katika mkahawa wa Kichina ulio mwendo mfupi kutoka hapo, huitwa kitoweo cha heshima, na wale wale waliokunja pua huipigia picha. Sisemi kibanda hakina ila. Maji ya kunawa mara nyingi ni haba, na mafuta hutumiwa mara nyingi kupita kiasi. Mhakiki asiyeyasema hayo kwa kuwahurumia maskini huwakosea hao hao wanaokula hapo kila siku. Lakini na aseme pia kwamba kuku yule huliwa akiwa wa moto, na muuzaji hujua majina ya watoto wa wateja wake.

Katika mitaa hiyo, na Riruta, na Kabiria, wanaishi pia wakimbizi kutoka Kongo na Burundi, na wachache miongoni mwao hupika kwa biashara. Chakula chao hakimo katika orodha za wapenda kula nje, kwa kuwa hakina taa wala viti vya kusifiwa. Hupika ugali wa muhogo, laini na wenye kunata, samaki wa chumvi, na sombe, ambayo watu wa pwani huijua kwa jina la kisamvu. Sombe haitaki haraka. Majani ya muhogo yana sumu, hivyo hutwangwa mpaka yalainike kabisa, kisha huchemshwa kwa saa nyingi, ndipo hutiwa mawese na vitunguu. Mpishi akiharakisha, huwa machungu na magumu; akisubiri, hubadilika kuwa kitu kizito, cheusi kidogo, chenye ladha isiyofanana na mboga yoyote ya Nairobi. Anayeipika hukueleza habari zake kwa Kiswahili cha Kongo, nawe humjibu kwa cha Kenya, na mnapokwama kwenye neno moja au mawili huonyeshana kwa kidole ndani ya sufuria. Atakaye kuionja na afike mapema, kwa maana mawese ni ghali, sufuria ni moja, na wanakijiji wenzake huwa wamekwisha kujipanga kabla ya adhuhuri.