Mteremko Unaopanda: Uhakiki wa Mfano wa Bomba katika Somo la Hesabu

Mwalimu anayetaka kueleza mwinamo wa mstari na kiwango cha badiliko mara nyingi hutumia mfano wa bomba. Sisi walimu wa lugha tumezoea kuwaachia wenzetu wa hesabu mifano yao. Katika makala haya tunauhakiki mfano huo kwa upande wa maneno yake, na kipimo chetu ni mwanafunzi wa Kibajuni wa visiwa vya Koyama, Chovai na Chula, kusini mwa Kismayo.

Awali ya yote, tukiri kuwa mfano wenyewe una nguvu. Bomba la Mzima, lililokamilika mwaka 1957, huteremsha maji kwa uzito wake yenyewe kutoka chemchemi za Tsavo hadi Mombasa, umbali wa kilomita 220 hivi. Chemchemi hizo ziko karibu mita 700 juu ya usawa wa bahari. Mwanafunzi akigawanya, anapata wastani wa mita 3 hivi kwa kila kilomita. Hapo neno "mteremko" linatosha.

Tatizo linaanza tukigeukia bomba la TAZAMA, lililoanza kazi mwaka 1968. Lina urefu wa kilomita 1,710 na husukuma mafuta kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, mji ulio takriban mita 1,300 juu ya bahari. Je, tuseme bomba hili lina "mteremko wa kupanda"? Mwanafunzi anayekijua Kiswahili atacheka, na ana haki ya kucheka. Kuteremka ni kushuka. Kwa mtazamo wetu, istilahi ya jumla iwe "mwinamo". "Mwinuko" uwe mwinamo chanya na "mteremko" uwe mwinamo hasi.

Aidha, bomba huchanganya mambo mawili. Mita kwa kilomita ni mwinamo. Lita kwa sekunde ni mtiririko. Mwalimu akiyaita yote "kasi", mwanafunzi atatafuta saa mahali ambapo hakuna saa. Kasi ina muda ndani yake. Kiwango cha badiliko si lazima kiwe nao.

Sasa turudi visiwani. Mtoto wa Koyama anajua maji kujaa na kupwa, anajua bamvua na maji mafu. Anajua pia kwamba maji hayapwi sawasawa. Kwa kanuni ya mabaharia, katika saa 6 za kupwa maji hushuka kwa sehemu 1, 2, 3, 3, 2, kisha 1 kati ya 12. Tuchukue mfano wa kupwa kwa mita 2.4: saa ya kwanza maji hushuka sentimita 20, saa ya tatu sentimita 60. Hiki ndicho kiwango cha badiliko kinachobadilika, jambo ambalo bomba lenye mtiririko mmoja haliwezi kulionyesha.

Ufuko nao hutoa mwinamo. Maji yakishuka sentimita 60 kwa saa kwenye ufuko unaoinama mita 1 kwa kila mita 20, ukingo wa maji hurudi nyuma mita 12. Ufuko ukiinama mita 1 kwa kila mita 60, ukingo hurudi mita 36. Mwenye chombo anayelipuuza hilo hukwama mchangani. Mwinamo na kasi vimekutana hapo bila kuchanganywa.

Hata hivyo, mtoto huyu hajapata nafasi ya kuyatumia maneno hayo darasani. Kisomali kilipata maandishi rasmi mwaka 1972, kisha kikawa lugha ya kufundishia. Wabajuni waliokimbilia Kenya baada ya mwaka 1991 walikuta hesabu ikifundishwa kwa Kiingereza. Hata Tanzania, ambako shule za msingi za serikali hufundisha hesabu kwa Kiswahili, sekondari imebaki kwa Kiingereza, na mwinamo wa mstari ni somo la sekondari. Ndiyo maana istilahi zetu hukaa kamusini bila kujaribiwa na mwanafunzi.

Hatusemi bomba litupwe. Lifundishwe, lakini baada ya maji kupwa na kujaa. Tunawahimiza wanafunzi wetu wa isimu wanaokwenda pwani ya kaskazini wakusanye maneno ya bahari kwa wavuvi na mabaharia, kisha wayapeleke kwa walimu wa hesabu kabla hatujabuni mengine mezani.