Bolti ya Tano

Video ile wengi mmeshaiona. Kijana ameigeuza Coaster kuwa nyumba ya safari, kitanda nyuma, jiko la gesi ubavuni, na sasa amepanda juu ya paa kujifungia mwenyewe dishi la sentimita 90. Bamba la chuma kwa chini, mpira wa kuziba chini ya kitako, waya umelegezwa upinde kabla ya kuingia ndani ili maji yadondokee nje: hapo sina neno. Kisha king'amuzi kinashika, picha inatokea, na katika furaha ile anachukua drili, anatoboa bomba la dishi pamoja na bomba la kitako linalolishika, na anapitisha bolti ya tano. Anasema ni ili dishi lisiyumbe barabarani.

Bolti ile imeharibu kazi yote.

Tazameni tena alichokifunga. Setilaiti ya digrii 7 mashariki, anakochukulia Azam, ukiwa Dar es Salaam iko magharibi, ikielemea kaskazini kidogo, kwenye mwinuko wa karibu digrii 52. Dishi la sentimita 90 huona upana wa digrii 2 hivi za anga. Maana yake, ukikosea digrii moja kwenda upande wowote tayari unapoteza mawimbi, na mvua ikianza umebaki na kioo cheusi. Hilo kwenye ukuta wa nyumba halina tabu, kwa sababu nyumba haihami. Coaster inahama. Sasa mwelekeo wa dishi umefungwa kwenye mwelekeo wa gari, na kila atakapoegesha itabidi aligeuze basi zima la mita 7 mpaka pua yake iangalie palepale ilipoangalia siku ile uani kwake. Mkia ukienda kando sentimita 12 tu, digrii moja imeondoka. Tairi za upande mmoja zikikaa kwenye shimo la sentimita 3, digrii nyingine imeondoka. Nani ataegesha hivyo kwenye kambi yenye miti, mawe na magari ya wenzake?

Na hata akiweza, safari yenyewe inamkataa. Akifika Mbeya, setilaiti hiyohiyo imepanda hadi mwinuko wa digrii 57 na ushei, na mwelekeo umesogea kaskazini zaidi. Akienda Mwanza, mwinuko unakaribia digrii 60. Nati za mwinuko bado zinalegezeka, nakubali, lakini mwelekeo ameushikilia kwa chuma.

Kuna na upepo, ambao ndio aliodhani anaushinda. Siku ile gari lilielekea magharibi, kwa hiyo dishi linatazama mbele, juu ya kioo cha dereva, na kwa kuwa halizunguki wala halilali, litasafiri hivyohivyo limesimama. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, uso wa ukubwa ule unasukumwa kwa nguvu ya kama kilo 20. Bomba lina urefu wa sentimita 60 na bolti za kitako zimeachana sentimita 15, basi zile mbili za mbele zinavutwa juu kwa karibu kilo 80, kutwa nzima, juu ya bati la paa. Ukitoka 80 ukafika 100, mwendo umeongezeka robo, ila nguvu ya upepo imeongezeka zaidi ya nusu. Bolti ya tano haizuii chochote katika hayo. Inalizuia dishi kuzunguka tu, na kuzunguka ndiyo kazi tuliyokuwa tunaihitaji.

Wamarekani wa magari ya nyumba walishalimaliza jambo hili zamani. Winegard, kampuni ya Burlington, Iowa, ilitengeneza vifaa vya paani vinavyoinuliwa kwa mkono wa kuzungusha ukiwa ndani ya gari: safarini chombo kimelala, kambini kinasimama na kugeuzwa. Hakuna kompyuta wala mota.

Hata mafundi wetu wa madishi ya wavu, yale mapana yaliyosimama kwenye nyua za wenye uwezo wakati Bara haina kituo chake cha televisheni, kabla ya 1994, wasingefanya hivi. Walianza na pimamaji kwenye bomba, kabla dishi halijaguswa. Bomba likiwa wima sawasawa, kila kipimo cha baada yake ni cha kweli. Kijana wetu hakuweka pimamaji hata mara moja, na uwanja wake unateremka, unaonekana wazi.

Halafu dira ya simu. Nimeshalisema hapa na ninalisema tena: dira haisomwi juu ya paa la chuma! Bati linaivuta. Shuka, tembea hatua kadhaa mbali na gari, chukua alama ya mti au mnara ulio mbali, ndipo urudi juu.

Nikiwaza utafutaji wa mawimbi uliostahili kuitwa utafutaji, namkumbuka Stephen Birkill wa Sheffield, Uingereza. Mwaka 1975 setilaiti ATS-6 ilisogezwa hadi digrii 35 mashariki, juu ya Afrika Mashariki yetu, ili irushe vipindi kwa vijiji vya India. Mawimbi hayo hayakulengwa Uingereza hata kidogo. Yeye aliyapata, kwa dishi alilojitengenezea nyumbani, kwa sababu alijua hesabu ya mahali pa kutazama.

Kazi hii bado inaokoleka. Bolti ya tano itoke leo. Bomba lishikwe kwa kibanio kinachokazwa kwa mkono, na kitako kiwekewe bawaba ili dishi lilale kifudifudi safarini. Wenye subira waache paa kabisa: stendi ya miguu mitatu chini, mita 15 za waya, gari kivulini na dishi juani. Na lile tundu alilotoboa lizibwe kabla ya masika, maana maji yatateremka ndani ya bomba hadi kwenye kitako, na chini ya kitako kuna kitanda.