Nasaba na Hila katika Maisha ya Tippu Tip

Atafutaye habari za babu yake wa zama za ukoloni aghalabu huokota vipande tu: jina katika daftari la forodha, kaburi lisilo maandishi, kauli ya shangazi mzee. Mzawa wa Hamed bin Muhammed el Murjebi, ajulikanaye zaidi kwa jina la Tippu Tip, ana bahati kubwa kuliko hiyo. Babu mwenyewe ameandika. Lakini bahati hiyo ina mtego ndani yake.

Hamed aliandika habari zake kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu, kwa kuombwa na Mjerumani Heinrich Brode, aliyezitoa chapa mwaka 1902 na 1903. W. H. Whiteley alizitoa tena, pamoja na tafsiri ya Kiingereza, katika nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki la 1958 na 1959. Ni nathari kavu, ya mfanyi biashara: frasila za pembe, bei, safari, vita, deni kwa Taria Topan. Tarehe ni haba mno, hata msomaji hana budi kuzipima habari hizo kwa vitabu vya Cameron, aliyemkuta mwaka 1874, na Stanley, aliyekutana naye 1876.

Penye utajiri wa kitabu hiki ni habari ya Utetera, katika bonde la Lomami. Hamed alipata kusikia kwamba Kasongo Rushie, mtawala wa nchi ile, alinyang'anywa dada zake zamani vitani, wakachukuliwa mbali. Alipokwisha kuijua habari hiyo vyema, aliigeuza kuwa yake. Alidai kuwa Habib bin Bushir el Wardi, babu yake mzaa mama, alimpata mmoja wa wanawake wale na kuzaa naye. Basi yeye Hamed ni mjukuu wa dada yake Kasongo, amerudi kwa jamaa zake. Mzee Kasongo alimpokea, akamkabidhi utawala, na pembe za nchi zikaanza kuletwa kwa mgeni.

Hapa ndipo ustadi wa mwandishi na ubaya wa tendo hukutana. Hamed hajitetei wala hatubu. Anaweka kwanza jinsi alivyoipata habari, kisha jinsi alivyoitumia, na mpango huo wa masimulizi watosha kumfumbua macho msomaji. Ajabu ni kwamba mtu huyu, ambaye ukoo wake wa Kiarabu ulikuwa fahari yake pwani, hakuona haya kujipa bibi wa Kitetera palipokuwa na faida. Nasaba kwake ni bidhaa kama shanga: huchaguliwa kwa kadiri ya soko.

Haitoshi, hata hivyo, kucheka werevu wake. Uwongo huu ulisadikiwa kwa kuwa ulisimama juu ya ukweli mchungu. Wanawake kweli walitekwa bara, wakauzwa, wakazaa katika nyumba za pwani. Na ndugu zao kweli walibaki wakiwangoja. Kasongo hakuwa mpumbavu. Alikuwa mtu aliyefiwa bila kaburi, akaambiwa kwamba damu ya dada yake imerudi. Aliyemwambia ni mtu ambaye misafara yake iliwatoa wengine kwao vivyo hivyo.

Kwa hiyo mtafiti wa ukoo akutana na dhuluma ya pili. Hamed aliyebuni bibi ameacha kitabu. Waliokuwa mabibi wa kweli hawakuacha. Wazawa wao, Unguja, Tabora hata Kasongo ya Kongo, wengine hubeba majina ya mabwana waliowamiliki wazee wao, na wakirudi nyuma vizazi vitatu au vinne njia hukatika. Kitabu hiki chaweza kuwafaa kuliko kimfaavyo mzawa wa mwandishi, mradi wakisome kwa kuuliza misafara ilipita wapi, na iliwatoa watu nchi gani.

Jambo moja dogo lastahili kuangaliwa. Baba yake Hamed alioa Unyanyembe, na mke huyo, Karunde, atajwa kwa jina na kwa baba yake, mtemi Fundikira, kwa kuwa ndoa ile ilileta heshima na pembe. Watekwa wa misafara hutajwa kwa hesabu.