Sauti ya Kibandani

Mama mboga mmoja pale Mutindwa, mtaani Umoja, Nairobi, hutazama filamu kwa masikio. Kisu chake hakisimami: sukuma wiki inakunjwa, inabanwa kiganjani, inashuka kwenye beseni ikiwa nyembamba kama nyuzi. Nyuma yake kuna kibanda cha muvi, na humo inatoka sauti ya mtu mmoja akieleza kila kitu kwa Kiswahili: shujaa amepanda ukuta, adui yuko jikoni, msichana amekataa kufungua mlango. Mama huyo hucheka kabla ya waliokaa mbele ya runinga.

Kazi hii tunaiita kutafsiri. Jina hilo halimtoshi fundi wake. Mtafsiri hufuata maneno. Huyu, kama DJ Afro anayejulikana kote nchini Kenya, husimulia hata pasipo na neno. Chukua Commando ya mwaka 1985. Arnold Schwarzenegger anafika ufuoni, anajipaka rangi usoni, anajifunga visu, bunduki na mabomu, na hasemi kitu. Kwa wenyewe, kipande hicho ni muziki na misuli. Mimi nilikutana nacho kikisimuliwa, nikiwa mtoto niliyelipa shilingi 10 mlangoni, na msimulizi alituonyesha mzazi: huyu ni baba, binti yake ametekwa, na waliomteka waanze kuhesabu siku zao. Tangu siku hiyo sijaweza kuiona filamu ile kuwa habari ya Mmarekani.

Msikilize vizuri. Hushusha sauti ya filamu akianza kusema, huipandisha risasi zikilia, kwani risasi hazihitaji mkalimani. Ni yeye mzee, ni yeye mtoto, ni yeye jambazi anayelia aachiliwe. Anajua pa kutia methali na pa kunyamaza. Ni fanani wa ngano huyu, yule wa “hadithi hadithi”, amehama kutoka jikoni kwa bibi akaketi kando ya runinga. Kampala wanamwita VJ, na katika Who Killed Captain Alex, iliyotengenezwa Wakaliga mwaka 2010, sauti ya VJ Emmie imekuwa kiungo cha filamu yenyewe. Dar es Salaam walikuwa na msimulizi aliyeitwa Lufufu. Wajapani wa enzi za filamu bubu walikuwa na benshi, na wapo waliokwenda sinema kwa ajili ya benshi kuliko nyota.

Soko la dunia nalo limejifunza kusema nasi. Mwaka 2011 TBC ya Tanzania ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, wahusika wakitiwa sauti za Kiswahili. Watu waliipenda, na sina ugomvi nayo. Lakini sauti ya namna hiyo hujificha mdomoni mwa mgeni, ikitaka usahau kwamba imetiwa. Sauti ya kibandani haijifichi. Inamkemea shujaa kwa kutomsikiliza mamake, inamcheka tajiri mwenye nyumba kubwa asiye na mgeni wa kumkaribisha. Mgeni anaongea, nasi tunamjibu hapo hapo.

Najua neno la sheria. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inampa mwenye filamu uamuzi wa nani aitafsiri, na jasho lake ni lake. Basi hao wenye filamu wamtafute fundi huyu, wamlipe kama msanii, kwa maana ndivyo alivyo.

Mtaa wa Umoja nao ni neno la mgeni lililojibiwa. Ulianza miaka ya 1970 kwa msaada wa fedha za Marekani: nyumba ndogo, zilizopangwa kwa mstari. Wenyeji waliongeza chumba, kisha ghorofa, kisha ghorofa juu ya ghorofa, hata leo ramani ya kwanza huitambui. Nikipita Umoja nikatazama juu, huisikia ile sauti.

Jioni moja stima ilipotea kibandani adui akiwa ameshika kitasa cha mlango. Tulikaa gizani, harufu ya mahindi ya kuchoma ikiingia kutoka barabarani. Kisha mtoto wa darasa la nne hivi, aliyekuwa ameketi sakafuni, akaendelea kwa sauti nzito ya kuazima: mlango umefunguka, adui ameingia, haoni mtu, ananusa ugali. Stima haikurudi usiku ule. Hakuna aliyeidai shilingi yake.