Faili Linalosomwa Kinyumenyume

Seva ya wavuti inayotumia nginx huandika kila ombi linaloifikia kwenye faili moja, kwa kawaida /var/log/nginx/access.log, na kila mstari mpya hukaa mwishoni. Fundi anayesaka hitilafu ya dakika tano zilizopita hana haja na mwanzo wa faili hilo. Likishafika gigabaiti 20, kulifungua kwa kihariri cha kawaida kwaweza kumaliza RAM yote ya mashine, ilhali amri ya tail -n 50 access.log hutoa mistari 50 ya mwisho papo hapo.

Amri hiyo ilikuwamo katika toleo la saba la Unix, lililotoka Bell Labs mwaka 1979. Tail ya wakati huo iliruka hadi baiti 4,096 kabla ya mwisho, ikasoma kipande hicho na kuhesabu mistari iliyomo. Aliyeomba mistari mingi kuliko iliyoenea humo alipewa iliyopatikana, basi. Ukurasa wa maelezo ya amri yenyewe uliutaja upungufu huo waziwazi.

Toleo la GNU, linalotumika kwenye mifumo mingi ya Linux, halina ukomo huo. Huenda mwisho wa faili, husoma kipande cha mwisho, kisha hupekua baiti zake kinyumenyume ikihesabu alama za mwisho wa mstari, yaani baiti yenye thamani ya 10. Idadi isipotimia, hurudi nyuma kipande kingine. Ikitimia, huchapisha kuanzia hapo. Ndiyo maana kazi yake hupimwa kwa mistari iliyoombwa: gigabaiti 20 zilizotangulia haziguswi kabisa.

Mbinu hii inasimama pia juu ya uamuzi wa busara wa Ken Thompson na Rob Pike, waliobuni usimbaji wa herufi wa UTF-8 mwaka 1992. Herufi inayohitaji baiti zaidi ya moja huandikwa kwa baiti zenye thamani ya 128 na kuendelea, hivyo 10 haiwezi kujificha katikati ya herufi ya Kiarabu au ya Kichina. Anayetumia -c, inayohesabu baiti badala ya mistari, hana kinga hiyo. Huenda akaikata herufi vipande viwili.

Bomba ni habari nyingine. Katika zcat access.log.2.gz | tail, ambapo matokeo ya amri moja hupitishwa kwa nyingine, hakuna mwisho wa kurukia. Tail hulazimika kupokea kila baiti, ikibakiza vipande vya karibuni na kutupa vya zamani.

Kwa ufuatiliaji wa moja kwa moja kuna -f. Zamani tail ilifika mwisho, ikalala sekunde moja, ikajaribu tena. Kerneli ya Linux 2.6.13 ya mwaka 2005 ilileta inotify, na tail ya GNU katika coreutils 7.5 ya mwaka 2009 ikaanza kuitumia: sasa kerneli ndiyo huiamsha tail faili linapobadilika.

Hapa ndipo wengi hukwama. Programu ya logrotate hubadilisha jina la access.log kuwa access.log.1, huunda faili jipya, na nginx huarifiwa ihamie huko. Lakini tail -f imelishika faili lile lile ililolifungua, hata kama jina lake limebadilika. Skrini hunyamaza bila onyo, na mtazamaji hudhani seva haipati wageni. Chaguo la -F hufuata jina, hugundua faili limebadilishwa na hulifungua jipya. Kwa ufuatiliaji unaovuka mabadiliko hayo, -f haifai. -F ndiyo ya kuzoeleka.

Anayetaka kufuatilia na pia kurudi nyuma kusoma atafaidika zaidi na less --follow-name +F access.log. Ctrl-C husimamisha ufuatiliaji, alama ya ? hutafuta neno kuelekea juu, na herufi kubwa F huuanzisha tena.